Mgongo wa Mpagazi: Bangi, Njia ya Mpwapwa na Vidonge Vyetu vya Maumivu



Katika shughuli zetu za wanawake, pale ngoma inapotulia na watu wameketi mikekani wakisubiri chai, mazungumzo huishia kwenye maradhi. Mmoja ana presha, mwengine magoti, na karibu wote wanashika kiuno. Zamani jibu lilikuwa moja: tafuta mkandaji. Siku hizi limeingia jibu jengine, nalo husemwa kwa sauti ya chini. Kuna mafuta ya bangi, matone mawili tu chini ya ulimi. Kuna peremende ambazo ndugu walioko Uingereza au Kanada wanakuja nazo kwenye mkoba. Kuna mtu anamjua mtu. Na anayeambiwa hivyo mara nyingi tayari ana vidonge vya hospitali vya aina mbili au tatu mkobani mwake, na hakuna hata mmoja pale anayemuuliza ni vidonge gani.

Jambo hili lina historia, na tumeona tulieleze kwa historia yake kwanza. Wengi tunadhani bangi kama dawa ni habari ya Ulaya na Marekani iliyotufikia juzi. Sivyo. Imepita katika njia zetu wenyewe, juu ya migongo ya watu waliobeba bidhaa zilizokuja na zilizotoka Unguja. Kituo kimoja katika njia hiyo ni Mpwapwa, mji mdogo chini ya milima, katika mkoa wa leo wa Dodoma, ambao wengi wetu visiwani hatujawahi kuutia machoni.

Mzigo wa frasila mbili

Karne ya 19 pembe za ndovu na nguo zilipita katika njia moja kubwa: kutoka Bagamoyo au Saadani pwani, kupanda milima ya Usagara, kushukia Mpwapwa, kuvuka Ugogo, kufika Tabora na hatimaye Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Fedha nyingi zilizoendesha biashara hiyo zilikuwa za wafanyabiashara wa Unguja, Waarabu na Wahindi. Lakini bidhaa hazikwenda kwa punda wala kwa gari, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo njiani. Zilikwenda juu ya watu.

Watu hao ni wapagazi, na mashuhuri kati yao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kidogo, mbali na vitu vyake mwenyewe mpagazi: mkeka, chungu, chakula, pengine na bunduki. Nguo zilifungwa zikabanwa kuwa furushi gumu lililoitwa mtumba. Ndiyo, neno lile lile. Mitumba tunayoichambua sokoni leo imechukua jina lake kwenye bega la mpagazi. Pembe kubwa iliyomshinda mtu mmoja ilining'inizwa kwenye mti na kubebwa na wawili kwa mzegazega. Baada ya misimu michache bega la mtu lilikuwa na sugu kama ya goti la anayesali sana.

Wanawake hawakukosa. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika juu ya wapagazi wa Tanganyika ya zamani, ameonesha kwamba wake za wapagazi waliandamana na misafara wakiwa wamebeba vyungu na chakula, na baadhi yao mtoto mgongoni. Mwanamme akitua mzigo jioni alikuwa amemaliza kazi ya siku. Mkewe akitua mzigo, ndiyo kwanza anakwenda kutafuta kuni na maji. Hapo hatuhitaji mwanahistoria kutueleza, kila mmoja wetu anajua jioni ya namna hiyo.

Umuhimu wa Mpwapwa ulikuwa maji. Mbele yake, baada ya Chunyo, kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, na jina lake linaeleza uchungu wa maji yake. Misafara ilipumzika Mpwapwa siku moja au zaidi, watu wakanywa, wakanunua chakula, wakajaza vibuyu, kisha wakaondoka kwa mwendo wa lazima uliochukua mchana na kuendelea hadi usiku, kwa sababu kulala njiani bila maji kulikuwa hatari. Mwendo huo wa mchana wa jua kali waliuita tirikeza. Aliyechoka hakuwa na ruhusa ya kubaki nyuma.

Kibuyu cha moshi

Bangi si mmea wa asili wa Afrika. Ulikuja kutoka Asia kwa njia ya bahari yetu hii, karne nyingi kabla ya wakoloni, na jina lake lilikuja nao: Wahindi wanasema bhang, sisi tukasema bangi. Kutoka pwani ulisambaa bara. Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia hii mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 namna watu walivyovuta bangi kwa kiko cha kibuyu chenye maji, na kikohozi kikubwa kilichofuatia.

Kwa nini wapagazi walivuta? Wasafiri wa Kizungu walijibu haraka kwamba ni uvivu na ulevi. Jibu hilo halituingii akilini, maana mtu anayebeba kilo thelathini kuvuka Marenga Mkali ana sifa nyingi lakini uvivu si mojawapo. Mtafiti Chris Duvall, katika kitabu chake cha mwaka 2019 juu ya bangi Afrika, ametoa jibu jengine. Anaonesha kwamba bangi ilisafiri pamoja na watu wa kazi ngumu: wapagazi, watumwa, mabaharia, vibarua. Ilikuwa kitu cha bei ndogo cha kumtuliza mtu aliyechoka, kumpunguzia maumivu na kumletea usingizi.

Hapa tunasimama kidogo. Mpagazi aliyevuta jioni, asubuhi alibeba tena. Moshi haukuuponya mgongo wake. Ulimwezesha kusahau kwamba unauma, ili mzigo uendelee. Aliyenufaika zaidi na usahaulifu huo ni mwenye mzigo, na mwenye mzigo alikuwa amekaa Unguja. Hivyo ndivyo tunavyoyasoma sisi mambo haya. Na tukitazama vizuri, mwanamke anayemeza dawa ya maumivu saa kumi na moja alfajiri ili aweze kuinama kufua na kuinua ndoo siku nzima yuko katika hali hiyo hiyo, iwe dawa yake ni halali au haramu.

Mambo ya Mpwapwa yalibadilika haraka baada ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 wamisionari wa Kiingereza wa CMS walifungua kituo chao, na miongoni mwao alikuwemo daktari, Edward Baxter, aliyefanya kazi sehemu hizo kwa miaka mingi. Mwaka 1887 kampuni ya Wajerumani ikaweka kituo chake. Katikati ya mwaka 1889 Bushiri bin Salim, aliyekuwa akiwapiga vita Wajerumani pwani, alipanda mpaka Mpwapwa akakishambulia na kukibomoa, naye akanyongwa Pangani mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Haikupita Mpwapwa yenyewe, ilipita kusini yake, Gulwe. Upagazi wa masafa marefu ukafa.

Ukafa, kisha ukafufuliwa kwa nguvu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia, Wajerumani na Waingereza wote wawili waliwakamata wanaume wa Ugogo na kwengineko kuwabebea risasi na vyakula. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Soko la Kariakoo limepata jina lake kutokana na jeshi hilo la wabeba mizigo. Ugogo kwenyewe, ng'ombe na nafaka zilichukuliwa na majeshi, na njaa iliyofuata baina ya 1917 na 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Waliobaki kulima na kuchota maji katika miaka hiyo walikuwa zaidi wanawake.

Chupa ya daktari

Wakati mpagazi akiitwa mlevi, bangi hiyo hiyo ilikuwa kwenye kabati la daktari wa Ulaya. Mwaka 1839 William O'Shaughnessy, daktari wa Kiayalandi aliyekuwa Calcutta, aliandika matokeo ya kuwapa wagonjwa wake bangi ya Kihindi kwa baridi yabisi, pepopunda na kipindupindu. Baada yake, maduka ya dawa ya London yaliuza bangi iliyoyeyushwa kwenye spiriti, kwa maumivu ya kila aina, yakiwemo ya mwezini.

Kilichoiangusha dawa hiyo kilianza kabla ya sheria, nacho ni kipimo. Chupa moja ilikuwa kali, nyengine ilikuwa kama maji, na daktari hakuweza kujua mpaka mgonjwa amekwisha kunywa. Ilipokuja aspirini ya Bayer mwaka 1899, yenye kipimo kinachojulikana, madaktari wengi waliigeukia. Mwaka 1925 mkataba wa kimataifa wa Geneva uliiweka bangi chini ya udhibiti, na kufika mwaka 1942 Marekani ilikuwa imeiondoa kwenye kitabu chake rasmi cha dawa.

Tafadhali likumbukeni suala hili la kipimo. Mafuta yanayouzwa kwenye chupa isiyo na lebo mwaka huu yana kasoro ile ile iliyoiua chupa ya London.

Banj si bangi

Wapo wanaosema: mbona vitabu vya dini vimeruhusu? Hapa kuna mkanganyiko wa neno moja ambao tungependa uondoke.

Katika vitabu vya Kiarabu vya zamani kuna mmea unaoitwa banj. Ukilisikia jina hilo, sikio la Mswahili linasikia bangi. Lakini banj ya matabibu wa Kiarabu kwa kawaida ni mmea mwengine kabisa, wenye sumu na wenye kulaza, usio na udugu na bangi. Bangi yetu wao waliiita qinnab, na ile ya kulewea wakaiita hashishi. Imam al-Zarkashi, mwanachuoni wa Kishafii wa Misri aliyefariki mwaka 1392, aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wa hashishi.

Kilichoruhusiwa ni kidogo na kina masharti. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walizungumzia mtu ambaye kiungo chake kimeoza na lazima kikatwe: je, anaweza kupewa kitu kikavu cha kumwondolea fahamu asihisi kisu? Walikubali kwa sababu ya dharura. Ni dharura ya kukatwa mguu, si ya kiuno kinachouma baada ya kusimama jikoni. Mpaka leo Waarabu wanaitumia banj kwa maana ya dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji.

Sisi hatutoi fatwa. Mwenye ugonjwa mzito, aliyeko nchi ambayo daktari bingwa amemwandikia dawa yenye bangi, na dawa nyengine zimemshinda, suali lake alipeleke kwa mwanachuoni anayemwamini, pamoja na karatasi ya daktari mkononi. Majibu ya watu wa mkekani hayatamtosha.

Sheria inasemaje

Hili tunalipitia haraka kwa sababu halina utata. Tanzania, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kuuza na kutumia bangi, na Zanzibar ina mamlaka yake ya kupambana na dawa hizo. Hakuna cheti cha daktari kitakachokupeleka famasi ya Darajani au ya Mpwapwa ukapewa bangi ya mgongo. Umoja wa Mataifa ulilegeza kidogo daraja la bangi Disemba 2020, na Rwanda na Malawi zikafungua mlango wa kuilima kwa ajili ya dawa, lakini hayo hayabadilishi chochote kwenye mkoba wako.

Bibi harusi anayekwenda kuolewa Maskati au Dubai azingatie zaidi. Kichupa alichopewa na shangazi London, kilichonunuliwa dukani kihalali, kinaweza kumfikisha mahakamani akishuka tu uwanja wa ndege. Ni fungate ya namna gani hiyo?

Je, inasaidia mgongo?

Uingereza iliruhusu madaktari bingwa kuandika dawa zenye bangi kuanzia Novemba 2018. Mwaka mmoja baadae, taasisi yao ya NICE, inayowaongoza madaktari, iliwaambia wasiwape watu wazima bangi kwa maumivu sugu isipokuwa ndani ya utafiti. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu, IASP, nayo ilikataa kuiunga mkono kwa matumizi ya jumla.

Habari mpya zaidi imetoka kwa Wajerumani, wajukuu wa wale waliojenga ngome Mpwapwa. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la watu 820 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa dondoo ya bangi iliyopimwa, nusu dawa bandia. Katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya waliopewa bangi yalipungua kwa wastani wa pointi 1.9. Lakini hata waliopewa dawa bandia walipata nafuu, na tofauti baina ya makundi mawili ilikuwa kiasi cha pointi 0.6. Malalamiko ya madhara, hasa kizunguzungu, yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa bangi.

Kwa hiyo tusiseme ni uongo mtupu. Kuna nafuu, nayo ni ndogo, na imepatikana kwa dawa iliyopimwa, kwa wagonjwa waliokuwa wakifuatiliwa na madaktari. Chupa ya kunong'onezana haina hata moja kati ya hayo.

Ikikutana na vidonge vyako

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tuandike. Tunajua kwamba wapo dada zetu wanaotumia tayari, wengine ughaibuni kwa cheti, wengine hapa kwa siri. Aibu inawafanya wamfiche daktari, na daktari asiyejua anaandika dawa ambayo isingefaa kuandikwa.

Hatari kubwa iko kwenye dawa zinazolaza. Bangi yenye THC, ile sehemu inayolewesha, inalaza. Tramadoli inalaza. Kodeini na mofini pia. Diazepamu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Valium na huandikwa misuli ikikaza, inalaza. Amitriptilini na pregabalini, zinazoandikwa maumivu yakishuka mguuni, nazo ni hivyo hivyo. Ukiweka mbili pamoja haziongezeki kidogo kidogo. Mtu anapepesuka, anaanguka bafuni, anachanganyikiwa, anashindwa kuamka mtoto akilia. Aliyemeza tramadoli pamoja na diazepamu, kisha akaongeza bangi, amejiweka katika hatari hata ya pumzi yake. Bangi pia huyakimbiza mapigo ya moyo, na amitriptilini inaweza kufanya vivyo hivyo.

Bangi ya kula au kunywa ina mtego wake. Ya kuvuta hufanya kazi ndani ya dakika chache. Ya kula huchukua nusu saa mpaka saa mbili, na hubaki mwilini kwa masaa mengi. Mtu anakula kipande, haoni kitu, anaongeza cha pili, na vyote viwili vinamshukia pamoja wakati ambapo kidonge chake cha usiku nacho kimeanza kazi.

Yale mafuta ya CBD yanayosifiwa kwamba hayaleweshi yana mambo mengine. CBD inalishughulisha ini, na dawa nyingi husafishwa na ini hilo hilo. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kuona damu yake inakuwa nyepesi kupita kiasi, akavuja. Baadhi ya dawa za kifafa hupanda kiwango, na ikiwa pamoja na valproeti ini linaweza kuumia. Anayemeza Panadol nyingi kila siku tayari amelipa ini kazi, na wengi hawajui kwamba dawa kadhaa za mchanganyiko za mgongo na mafua zina parasetamoli ndani yake. Anadhani amemeza moja, kumbe mbili.

Diklofenaki na ibuprofeni hazigombani na bangi kwa kiasi hicho. Hizi ubaya wake ni wake wenyewe: vidonda vya tumbo, figo, presha. Mjamzito azikwepe bila ya ruhusa ya daktari, hasa kuanzia wiki ya 20. Kuna na dawa za unga za asili zinazouzwa kwa mgongo na kuleta nafuu ya ajabu siku ya kwanza. Katika nchi mbalimbali, unga kama huo umewahi kupimwa ukakutwa umetiwa diklofenaki au steroidi ndani yake kwa siri. Nafuu ya haraka mno ni sababu ya kuuliza.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha jawabu ni fupi: bangi hapana, ya namna yoyote. THC hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwenye maziwa ya mama inaweza kubaki kwa siku kadhaa, kwa hiyo kukamua na kumwaga ya asubuhi hakusaidii. Bibi harusi anayetarajia kupata mtoto karibuni ajihesabu humu.

Aliyeko nchi inayoruhusu, na ameandikiwa na daktari, asitumie kitu cha dukani juu ya kile alichoandikiwa. Aanze kwa kiasi kidogo kabisa, asiendeshe gari, asijiachishe ghafla tramadoli au diazepamu kwa sababu amepata kitu kipya. Aandike majina ya dawa zake zote, ikiwemo hiyo, kwenye karatasi moja na amwoneshe kila anayemtibu.

Mgongo unaouma una jina lake

Turudi Mpwapwa kidogo. Ni nchi ya ng'ombe. Kituo cha utafiti wa mifugo kipo hapo tangu zama za Wajerumani, na kuna aina ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo. Palipo na ng'ombe na maziwa mabichi pana ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, ambao binaadamu huupata kwa maziwa yasiyochemshwa, na moja ya dalili zake ni homa za mara kwa mara na maumivu ya kiuno. Kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo, huku visiwani na huko bara. Mtu mwenye moja ya maradhi hayo anaweza kuvuta, kunywa na kupaka kila kitu, akapata nafuu ya usiku mmoja, huku pingili zake zinaliwa.

Kwa hiyo maumivu ya mgongo yenye homa, kukonda au jasho la usiku yanataka kipimo. Na yanayokuja na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, au mkojo kukataa au kutoka wenyewe, yanataka hospitali siku hiyo hiyo, wala usisubiri mkandaji.

Mengi yaliyobaki ni maumivu ya kawaida ya kazi na uzazi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno mwezi wa Disemba 2023, lilitanguliza elimu na mazoezi, na likasema dawa za jamii ya mofini zisitumike kwa desturi. Kukandwa kwetu kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, maji ya moto ya siku za arobaini, kutembea pwani baada ya alfajiri, kugawa ndoo moja kubwa kuwa mbili ndogo, hayo hayagombani na kidonge chochote. Mkandaji asisimame juu ya mgongo wa mtu, na mjamzito asikandwe kwa nguvu tumboni na kiunoni.

Na kama umepangiwa upasuaji, uwe wa mgongo au wa kujifungua, daktari wa usingizi atakuja kukaa nawe kabla. Atauliza unatumia nini. Anayetumia bangi mara kwa mara huenda akahitaji kiasi tofauti cha dawa ya usingizi, na moyo wake huenda ukaenda mbio mezani. Mwombe mama mkwe na mawifi watoke nje kidogo, umjibu daktari ukweli wote.